Kagua ripoti yako ya CRB kabla ya kunyimwa mkopo au kazi

Na MWANDISHI WETU

WAKENYA wengi hugundua kwamba kumbukumbu zao katika mashirika ya CRB zina kasoro siku ile tu wanaponyimwa mkopo, au wanapotakiwa kuwasilisha cheti cha CRB pamoja na stakabadhi nyingine za kuomba kazi.

Kufikia hapo muda huwa umeyoyoma. Karo inahitajika, muuzaji wa ploti anasubiri malipo, au tarehe ya mwisho ya kutuma maombi ya kazi imewadia, ilhali kosa lililomo katika ripoti haliwezi kurekebishwa kwa siku moja.

Hata hivyo, sheria haimlazimu mkopaji kusubiri hadi afikwe na hayo. Kila mtu ana haki ya kuiona ripoti yake wakati wowote, kupinga jambo lisilo la kweli na kudai lisahihishwe. Ibara ya 35(2) ya Katiba ya mwaka 2010 inasema wazi kuwa mtu ana haki ya kudai taarifa isiyo ya kweli au ya kupotosha inayomhusu irekebishwe au ifutwe.

Jambo la kuzingatia ni kwamba shirika la CRB haliwezi kujua lenyewe kuwa deni fulani si lako au kwamba ulilimaliza mwaka jana. Linahifadhi kile lilichopokea kutoka kwa mkopeshaji. Anayeweza kulitambua kosa kwa kulitazama tu ni mwenye ripoti, naye asipolitafuta, huenda likakaa humo kwa miaka.

CRB ni nini?

Mashirika ya CRB hukusanya taarifa za wakopaji kutoka kwa benki na wakopeshaji wengine walioidhinishwa, kisha huzitoa kwa mkopeshaji anayetaka kujua tabia ya mteja katika kulipa madeni.

Kanuni za kwanza zilichapishwa mwaka 2008 na kuanza kutumika Februari 2009. Benki Kuu ya Kenya (CBK) ilitoa leseni ya kwanza mwaka 2010 kwa CRB Africa, ambayo baadaye ilichukua jina la TransUnion. Metropol ilipata leseni mwaka 2011 na Creditinfo mwaka 2015.

Mwanzoni benki zilitakiwa kupeana habari za madeni yaliyokwama pekee. Hapo ndipo ilipozaliwa dhana kwamba CRB ni 'orodha ya aibu' ya watu wasiolipa. Kanuni zilizofuata, ambazo zilianza kutumika mwaka 2014, zilipanua mfumo huo ili taarifa chanya nazo ziwasilishwe. Kwa hivyo, mtu anayelipa mkopo wake kila mwezi bila kukosa pia ana faili, na jina lake kuwa katika CRB si kosa wala si aibu.

Swali la kuuliza si kama umo katika CRB, bali ni nini kilichoandikwa humo kukuhusu.

Nani huathiriwa?

Taarifa hasi huweza kumfanya mkopeshaji akatae ombi, apunguze kiasi anachotoa au adai riba ya juu zaidi. Kwa miaka mingi pia, watafuta kazi, hasa katika utumishi wa umma, wametakiwa kutoa cheti cha CRB pamoja na vile vya KRA, HELB, Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC).

Idadi ya walioingia katika mfumo huu iliongezeka sana baada ya mikopo ya simu kushika kasi, kuanzia M-Shwari iliyozinduliwa Novemba 2012. Deni la shilingi mia chache lililosahauliwa liliweza kumzuia mtu kupata mkopo wa kujenga nyumba.

Kanuni za mwaka 2020 zililegeza hali hiyo kwa kuweka kiwango cha chini cha Sh1,000. Deni lililo chini ya kiasi hicho halistahili kuwasilishwa kama taarifa hasi, na waliokuwa wameorodheshwa kwa madeni madogo namna hiyo walitakiwa kuondolewa. Aprili mwaka huo huo, CBK ilifutilia mbali idhini ya wakopeshaji wa kidijitali waliokuwa hawadhibitiwi kupeleka majina ya wateja kwa CRB. Desemba 2021 sheria ilibadilishwa ili wakopeshaji wa aina hiyo nao wawe chini ya leseni ya Benki Kuu.

Novemba 2022, CBK ilitangaza mpango mwingine uliolenga watu wapatao milioni 4.2 waliokuwa na madeni ya simu yaliyokwama, ya jumla ya takriban Sh30 bilioni. Wakopeshaji walioshiriki walitakiwa kupunguza angalau asilimia 50 ya deni, nao wakopaji wakamilishe kiasi kilichosalia kufikia mwisho wa Mei 2023.

Kila badiliko la aina hii lilihitaji rekodi nyingi kubadilishwa. Aliyelipa chini ya mpango huo, au aliyekuwa na deni dogo lililopaswa kuondolewa, hana sababu ya kudhani tu kuwa rekodi yake ilinyooshwa. Aitazame.

Jinsi ya kupata ripoti

Kanuni zinampa kila mteja haki ya kupata nakala ya ripoti yake bila malipo angalau mara moja kwa mwaka. Haki hiyo ni kwa kila shirika. Kwa kuwa mashirika haya huendeshwa kila moja kivyake, ripoti ya moja inaweza kuwa safi na ya jingine ikawa na doa.

Ombi hutumwa kupitia simu, programu ya shirika, tovuti, barua pepe au kwa kufika afisini. Utahitaji kitambulisho cha taifa na nambari ya simu unayoitumia. Tumia nambari na anwani zilizo katika tovuti rasmi ya shirika lenyewe, si zile zinazosambazwa katika makundi ya WhatsApp.

Ripoti na cheti ni vitu viwili tofauti. Ripoti hueleza mikopo yako yote, hali ilhali cheti huthibitisha tu kwamba huna deni lililokwama. Kwa mujibu wa kanuni za 2020, anayepewa cheti kwa mara ya kwanza hatozwi ada. Anayetaka kukagua makosa aombe ripoti, kwani cheti hakitamwonyesha kosa liko wapi.

Aidha, mkopeshaji akikunyima mkopo kwa sababu ya habari alizopata CRB, anapaswa kukujulisha hivyo na kukutajia shirika lililozitoa. Usiondoke na jibu la 'mfumo umekataa'. Omba sababu kwa maandishi, kisha uombe nakala ya ripoti iliyotumika.

Namna ya kuisoma

Anza na maelezo yako binafsi: majina yote, nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, nambari za simu na anwani. Kosa la tarakimu moja katika nambari ya kitambulisho linatosha kukubebesha deni la mtu usiyemjua. Nambari ya simu usiyoitambua nayo ni ishara ya hatari.

Pili, pitia akaunti moja baada ya nyingine. Kwa kila moja tazama jina la mkopeshaji, tarehe ya mkopo, kiasi kilichokopwa, salio, siku ambazo malipo yamechelewa na hali ya akaunti. Kwa kawaida mkopo huhesabiwa kuwa umekwama malipo yanapochelewa kwa siku 90.

Usikimbilie kusema 'hii benki siijui'. Majina ya benki hubadilika. Barclays Kenya iligeuka kuwa Absa mwaka 2020, nayo CBA iliungana na NIC mwaka 2019 na kuwa NCBA. Sehemu ya biashara ya Chase Bank ilihamia SBM mwaka 2018. Huenda mkopo ni wako ila mwenye kuudai ana jina jipya. Kagua pia kama mkopo mmoja umeandikwa mara mbili, chini ya jina la zamani na lile jipya.

Tatu, angalia mikopo uliyomdhamini mtu mwingine. Mdhamini hubeba mzigo iwapo mkopaji atashindwa kulipa, na wengi hupata habari hiyo katika ripoti kabla ya kuambiwa na rafiki waliyemtilia saini.

Nne, soma orodha ya walioulizia ripoti yako. Ukiona kampuni ambayo hujawahi kuiomba mkopo, yamkini kuna mtu anayejaribu kukopa kwa jina lako.

Mwisho kuna alama. Metropol, kwa mfano, hutumia kipimo cha 200 hadi 900, na alama za chini huashiria hatari ya kutolipa. Mashirika mengine yana vipimo vyao, hivyo alama za shirika moja hazifai kulinganishwa na za jingine. Usihangaike na alama kabla ya kuzikagua akaunti. Rekodi ikinyooka, alama nazo hufuata.

Makosa yanayotokea na pa kuanzia

Si kila kosa hutatuliwa mahali pamoja, na mtu akibisha mlango usiofaa atazungushwa bure.

Kosa la kwanza ni deni lililolipwa lakini bado linaonyeshwa kuwa halijalipwa. Hapa anza kwa mkopeshaji. Yeye ndiye aliyepeleka taarifa na ndiye anayepaswa kupeleka marekebisho. Omba barua ya kuthibitisha kwamba deni limekwisha, yenye nambari ya akaunti na tarehe ya malipo ya mwisho. Wakopeshaji hupeleka taarifa kila mwezi, kwa hivyo malipo ya wiki iliyopita huenda hayajafika. Kama miezi miwili imepita bila mabadiliko, hilo si suala la kuchelewa tena.

La pili ni kiasi au tarehe isiyo sahihi. Kuna wakati mteja alimaliza mkopo lakini akaunti ikabaki na shilingi chache za riba au ada ambazo hakuzijua, nazo zikaendelea kukua. Omba taarifa kamili ya akaunti na uihesabu mwenyewe.

La tatu ni deni la mtu mwingine, lililoingizwa kwako kwa sababu ya kufanana kwa majina au kukosewa kwa nambari. Andikia shirika la CRB na mkopeshaji kwa wakati mmoja, ukiambatisha nakala ya kitambulisho.

La nne ni ulaghai. Mtu amepata kitambulisho chako au laini yako ya simu na kukopa. Piga ripoti katika kituo cha polisi, upewe nambari ya kitabu cha matukio, maarufu OB, kisha uwaandikie mkopeshaji, CRB na kampuni ya simu. Mteja wa Safaricom anaweza kubonyeza *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

La tano ni kuorodheshwa bila ilani. Kanuni zinamtaka mkopeshaji amjulishe mteja siku 30 kabla ya kupeleka taarifa hasi. Kukosa ilani hakufuti deni, lakini kunakupa hoja thabiti ya kupinga jinsi jina lako lilivyopelekwa.

Hatua za kusahihisha

Kwanza, weka kila kitu kwa maandishi. Simu kwa kituo cha huduma inaweza kukusaidia kupata maelezo, ila haiachi ushahidi. Ukipiga, andika tarehe, saa na jina la aliyekuhudumia, halafu utume barua pepe kuthibitisha mliyozungumza.

Pili, kusanya ushahidi: risiti, ujumbe wa M-Pesa wenye nambari ya muamala, taarifa ya akaunti, mkataba wa mkopo na barua ya kumaliza deni. Usitume nakala halisi. Tuma vivuli na uhifadhi asili.

Tatu, andika barua fupi inayotaja kosa moja kwa moja. Kwa mfano:

'Mimi, mwenye kitambulisho nambari (taja), napinga taarifa iliyo katika ripoti yangu ya tarehe (taja). Akaunti nambari (taja) ya (jina la mkopeshaji) inaonyesha salio la Sh(taja). Deni hilo nililimaliza tarehe (taja), kama inavyothibitishwa na barua na risiti nilizoambatisha. Naomba rekodi isahihishwe ionyeshe kuwa deni limelipwa, na nitumiwe nakala ya ripoti mpya bila malipo. Naomba pia kujulishwa kwa maandishi tarehe ambayo uchunguzi utakamilika.'

Barua ya aina hii ina nguvu kuliko kurasa tatu za malalamiko. Anayeishughulikia anaona kosa ni lipi, ushahidi u wapi na kinachotakiwa ni nini. Kama kuna makosa matatu, yapange kwa nambari.

Nne, fahamu wajibu wa shirika. Likipokea barua yako, linapaswa kuweka alama katika ripoti kuonyesha kuwa taarifa hiyo inabishaniwa na inachunguzwa, na kumtaka mkopeshaji aithibitishe. Alama hiyo ni muhimu kwa aliye na haraka, kwani mkopeshaji mwingine atakayeisoma ripoti ataona kuwa jambo hilo halijaamuliwa. Uchunguzi usipokamilika katika muda uliowekwa na kanuni, taarifa inayobishaniwa inapaswa kufutwa.

Tano, omba ripoti mpya baada ya kuambiwa kosa limerekebishwa. Usitosheke na ujumbe wa 'tumeshughulikia'. Kisha uangalie ripoti za mashirika mengine, kwani kosa lililotoka kwa mkopeshaji huenda lilipelekwa kwao wote.

Ukikwama

Mkopeshaji na CRB wakikataa au wakanyamaza, mlalamishi anaweza kuwaandikia wanaowasimamia. Kwa benki, mashirika ya CRB na wakopeshaji wa kidijitali wenye leseni, msimamizi ni CBK. Kwa vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, ni SASRA.

Njia nyingine ni Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kutaka data ya uongo au ya kupotosha inayomhusu isahihishwe au ifutwe, na malalamiko yanayofikishwa katika afisi hiyo yanapaswa kuamuliwa ndani ya siku 90. Malalamiko haya yana uzito yakiambatana na barua zote ulizokwisha kuandika, ndiyo maana kumbukumbu za maandishi ni muhimu tangu mwanzo.

Mahakama ni njia ya mwisho. Wapo wateja waliowashtaki wakopeshaji kwa kuwaorodhesha kimakosa au bila ilani, lakini kesi huchukua muda na gharama.

Kusahihisha si kufuta

Hapa ndipo wengi huteleza. Taarifa ya kweli haifutwi kwa sababu tu inamwumiza mhusika. Aliyechelewa kulipa kisha akalipa ana haki ya rekodi yake kuonyesha kwamba amelipa, lakini historia ya kuchelewa hubakia kwa miaka 5 tangu siku alipomaliza deni.

Si kwamba mlango umefungwa miaka hiyo yote. Mkopeshaji huona tofauti kati ya deni lililolipwa na lile ambalo bado linadaiwa, na kila mwezi wa malipo mazuri nao huandikwa.

Kwa sababu hiyo, epuka mtu yeyote anayejitangaza mitandaoni kuwa anaweza 'kusafisha jina CRB' kwa ada. Hakuna wakala anayeweza kufuta deni la kweli kihalali. La uongo unaweza kulipinga mwenyewe bila kumlipa mtu. Wengi wa matapeli hao huomba nambari ya kitambulisho, picha na nambari ya siri ya M-Pesa, vitu vinavyotosha kukuongezea deni jipya juu ya lile la zamani.

Panga ukaguzi wako

Kwa kuwa kila shirika linapaswa kukupa ripoti moja bila malipo kwa mwaka, si lazima uzichukue zote kwa mkupuo. Mtu asiye na haraka anaweza kuomba ya kwanza Januari, ya pili Mei na ya tatu Septemba. Kwa njia hiyo atakuwa akiona rekodi yake kila baada ya miezi minne bila kutumia senti.

Anayepanga kuomba mkopo mkubwa au kazi azichukue zote kwa pamoja, angalau miezi mitatu kabla. Akikuta kosa, atakuwa na nafasi ya kuandika barua, kusubiri uchunguzi na kuthibitisha marekebisho kabla ya faili yake kufika mezani kwa mwamuzi.

Na baada ya kumaliza mkopo wowote, hata wa Sh2,000 katika simu, omba uthibitisho wa maandishi siku hiyo hiyo na uuhifadhi. Ni rahisi kuupata deni likiwa limetoka tu kulipwa kuliko miaka minne baadaye, wakati simu imepotea, laini imebadilishwa na mkopeshaji amehama au amebadilisha jina.